Brutus hahitaji sauti ya kunguruma

Inakera! Usaili wa Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, kwa waigizaji wanawake pekee, na kila anayepanda jukwaani anaikandamiza sauti kooni, miguu kaitanua kama bondia. Nani kawaomba muigize wanaume? London, 2012, pale ukumbi wa maigizo wa Donmar Warehouse, mchezo huu huu uliwekwa ndani ya gereza la wanawake. Mwigizaji Harriet Walter alikuwa Brutus, mmoja wa wanaomuua Caesar, bila ndevu za bandia.

Sauti ya kulazimisha hukauka mapema, na pumzi ikikatika katikati ya mstari, mapigo yake matano, yaani silabi tano zenye mkazo, yanavunjika. Vuteni pumzi ya tumboni, penye kituo. Mjue mnamwambia nani, na mnataka afanye nini.

Na jamani, someni tamthilia nzima! Aliyekariri hotuba ya mazishi tu, akipewa ugomvi wa hemani kati ya Brutus na Cassius, mwenzake wa njama, anabaki kugugumia.