Miwani Ilikuwa Chini

Niliagana vizuri mno. Hilo lieleweke mapema, maana aibu yote iliyofuata ilitokana na uzuri wa kuagana kule.

Tulikuwa watu tisa sebuleni, tumekutana kumuaga dada mmoja wa kazini aliyekuwa anahamia mbali kwa miaka mitatu. Mimi nilisoma sosholojia, na ugonjwa wake ni kwamba watu wakiongea unawatazama badala ya kuwasikiliza. Usiku ule nilikuwa naivizia "haya". Mnaijua: maongezi yanapwaya, mtu anajipiga viganja mapajani, anasema "Haya basi", na hakuna anayenyanyuka. Wanasosholojia Schegloff na Sacks waliandika mwaka 1973 kwamba maongezi hayafi yenyewe, wanaoongea ndio wanaoyazika kwa ushirikiano. Kwanza mmoja anafungua upenyo, ili mwenye neno lililobaki alitoe. "Haya" ndiyo upenyo wenyewe. Sisi tulitoa "haya" nne, na kila moja ikazaa habari mpya.

Ya tano nikaidaka mimi. Nikasimama.

Sasa, Goffman, yule mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, aliandika mwaka 1955 kwamba bashasha ya kuagana ni fidia: uhusiano unalipwa mapema kwa hasara itakayoupata watu wakitengana. Nami nikalipa miaka mitatu yote kwa mkupuo. Nikaivua miwani isije ikamchoma shavuni, nikamkumbatia yule dada, nikamwambia ofisi bila yeye itabaki ganda. Sauti ilikatika pale pale ilipotakiwa kukatika. Akatoa kitambaa akajifuta macho. Nikatoka bila kugeuka, na kusema kweli nilijipenda.

Hatua ishirini hivi, nikapapasa mfuko wa shati. Miwani hamna.

Lakini mtu hawezi tu kugeuka njiani akarudi alikotoka, atadhaniwa kachanganyikiwa. Kwa hiyo nilisimama, nikapiga paja, nikasema "Aa!" kwa nguvu, nikapekua mifuko yote, pamoja na ule ninaojua fika una tundu. Goffman aliliona hili pia, kwamba mwili unajitetea mbele ya wapita njia ambao hawajauliza kitu. Njia nzima hapakuwa na mtu.

Nilipobisha hodi, kicheko kilichokuwa ndani kikakatika. Mlango ukafunguliwa. Yule dada wa machozi alikuwa kavua viatu, kapandisha miguu kwenye kochi. Fidia yangu ya miaka mitatu ilikuwa imedumu kama dakika nne.

"Samahanini, nimesahau miwani."

Wakanitazama. Wakatazamana. Pakawa na kimya ambacho wakati ule nilikitafsiri kuwa huruma.

"Basi tuitafute," akasema mwenye nyumba, taratibu sana.

Ikatafutwa. Mwenye nyumba aliinua mito ya makochi mmoja mmoja, akiirudisha kwa adabu. Shemeji yake alikung'uta pazia. Kuna kaka mmoja alifungua droo ya vijiko, akaichungulia, akaifunga, akaifungua tena. Mgeni wa heshima mwenyewe alipiga magoti akaanza kupapasa zulia. Nikaona aibu kuwasumbua watu namna ile, nami nikazidisha bidii: nikamwaga mezani kila kilichokuwa mifukoni, simu, funguo, karatasi za zamani, kisha nikainama nichungulie uvungu wa kochi.

Nilipoinama, kitu kikateleza kutoka utosini, kikapita paji la uso, kikaanguka pa! mbele ya magoti ya yule dada.

Hapo ndipo kile kimya cha mwanzo kilipojifafanua. Watu wanane walikuwa wameiona tangu nikiwa mlangoni. Pengine wa kwanza alinyamaza ili asinifedhehi, wa pili akanyamaza kwa sababu wa kwanza amenyamaza, na baada ya droo ya vijiko kufunguliwa mara mbili hapakuwa tena na pa kurudia. Goffman alieleza kwamba hadhira humstahi mwigizaji anapoboronga, hujifanya haikuona. Sikumbuki kama alitaja kukung'uta pazia.

Yule dada aliitazama miwani. Akanitazama mimi. Akaiokota, akaifuta kwa kile kitambaa cha machozi.

"Hii hapa," akasema. "Ilikuwa chini."

"Ahaa, kumbe chini!" wakaitikia wote.

"Chini pale huwezi kuona," akaongeza shemeji, uso mkavu kama hakimu.

Nikavaa. Ikabaki kuagana, na mfukoni mwa moyo sikuwa na hata senti. Nikampungia mkono kama anayefukuza nzi, nikasema "Haya," naye akasema "Haya," na kwa mara ya kwanza usiku ule "haya" ikafanya kazi yake.

Mlango ukafungwa. Moja, mbili... nyumba ikalipuka. Walicheka hadi vitasa vikatetemeka. Nikasikia mtu akilalamika mbavu zake, mwingine akipiga kelele, "Droo! Umefungua droo!" na sauti ya kitu kikubwa kuanguka, nadhani ni shemeji.

Nikatia mkono mfukoni nitoe funguo niondoke zangu. Mfuko ulikuwa mtupu.

Nilisimama pale ngumi juu, nikisubiri kicheko kipungue nibishe. Hakikupungua. Kilikatika ghafla, nyayo zikasogea, mlango ukafunguliwa kabla sijaugusa. Alikuwa yule dada, macho mekundu, midomo ameibana kwa nguvu zake zote, mkono ameunyoosha.

"Na hizi," akasema, "nazo zilikuwa chini."