Hakuna Shija bila Kulwa na Doto

Siku niliyomleta Shija nyumbani, mama yangu alikuwa barazani anapeta mchele. Mtoto akamwamkia, mama akamuuliza jina, naye akajibu kwa sauti ya chini sana. Mama akaweka ungo chini, akaniangalia mimi.

"Kulwa na Doto wake wako wapi, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kwetu Unyamwezini pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na anayezaliwa baada yao ni Shija. Jina lenyewe linakwambia kwamba huyu ana ndugu wawili wa tumbo moja waliomtangulia. Mama alilijua hilo kabla hata hajamshika mtoto mkono. Jalada la Shija, lililopita mikononi mwa watu wazima kadhaa, halikusema lolote. Kwenye nafasi ya ndugu palikuwa pamepigwa mstari tu.

Shija alikuwa na miaka minne. Nilimpokea kwa utaratibu wa malezi ya kambo, yaani kumlea nyumbani kwangu mtoto nisiyemzaa, kupitia ustawi wa jamii, baada ya yeye kukaa karibu mwaka mzima kwenye makao ya watoto hapa Tabora. (Neno "kambo" linawarudisha nyuma watu wengi, maana tumekua na hadithi za mama wa kambo anayemnyima mtoto chakula. Natamani utaratibu mzuri namna hii ungepewa jina jingine.) Usiku wa kwanza nilimlaza kwenye kitanda cha futi nne. Akajibana ukingoni kabisa, karibu aanguke, sehemu yote iliyobaki akaiacha wazi. Nikamsogeza katikati. Nilipoamka kumtazama, alikuwa ameshajirudisha ukingoni. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Nilidhani ni woga wa ugeni.

Kuwapata pacha kulinichukua miezi saba. Hakuna aliyewaficha. Mama yao alipofariki, makao yaliyompokea Shija yalikuwa yanachukua watoto wa chini ya miaka mitano tu, na pacha walikuwa na miaka tisa. Wakapelekwa kwenye makao mengine, Kigoma. Wote watatu walipata pa kulala na cha kula, na kwa hilo nashukuru. Lakini hakuna aliyeandika kwenye jalada la huyu kwamba wale wako wapi. Afisa aliyewasafirisha alishahamishwa, na namba yake haikuwa hewani tena. Nilikwenda ofisini mara nyingi hadi mlinzi akawa ananiita mama Shija.

Hatimaye tukapanda treni. Urambo, Kaliua, Uvinza, mtoto kichwa dirishani mpaka usingizi ukamzidi. Pale makaoni pacha walikuwa wanatungoja kwenye benchi, wamevaa sare za shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Shija akajificha nyuma ya kanga yangu akaniuliza, "Mama, hawa ni akina nani?"

Niliumia. Mtoto aliyeachana na dada zake akiwa na miaka mitatu hawezi kulaumiwa kwa kusahau sura. Doto hakumkimbilia. Alichuchumaa, akanyoosha viganja viwili, akaanza mchezo wa makofi ambao mimi siujui: moja juu, mbili chini, moja kwenye goti. Shija akatoa mkono mmoja nje ya kanga. Akapiga. Akatoa wa pili. Mikono ilikumbuka kabla yake.

Kulwa, ambaye si msemaji, alinivuta pembeni. "Mama, bado anakakamaa homa ikipanda?" Degedege. Alishikwa mara mbili akiwa mdogo, na Kulwa ndiye aliyetumwa kukimbia kumwita jirani. Miezi saba nimekaa na mtoto huyu bila kulijua hilo, na hapa kwetu msimu wa mvua malaria haikosi. Nikamuuliza pia kuhusu kitanda. Akashangaa kwamba sijui. Walikuwa wanalala watatu, na Shija aliwekwa ukingoni kwa sababu alikuwa anakojoa.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema mtoto mdogo husahau, aanze tu maisha mapya. Mama wa watoto hawa hayupo. Alichokijua kuhusu Shija kimebaki kwa wasichana wawili wa darasa la nne, na sisi tuliwapeleka mkoa mwingine bila hata kuwauliza.

Najua ugumu uliopo, nimeuona. Nyumba nyingi hazina nafasi ya watoto watatu kwa mpigo. Afisa mmoja ana kata nyingi na mara nyingine hana nauli. Na zipo hali chache ambapo ndugu mmoja anamwumiza mwenzake na ni lazima watenganishwe. Lakini mara nyingi sababu haiwi nzito hivyo. Hata sisi wenyewe kwenye ukoo, matanga yakianuliwa, huwa tunagawana watoto: wa kike anachukuliwa na shangazi anayehitaji msaidizi wa jikoni, wa kiume anakwenda kwa baba mdogo mwenye ng'ombe, kitinda mimba anabaki kwa bibi. Stesheni yetu ina njia za Mwanza, Mpanda, Kigoma na Dar es Salaam. Nimewahi kuona watoto waliotoka kwenye msiba mmoja wakiagana pale, kila mmoja na mfuko wake.

Sheria haikulisahau jambo hili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, inapoamua mtoto akae na nani, iangalie pia kwamba inafaa ndugu wakae pamoja. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala, ya mwaka huohuo wa 2009, inasema ndugu wenye mazoea wasitenganishwe ila kwa sababu ya msingi, na wakitenganishwa zifanywe juhudi zote waendelee kuwasiliana. Na majirani zetu wa Kigoma wana uzoefu wa kazi hii. Tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ilipofunguliwa kule Kasulu mwaka 1996, wamepokea watoto waliofika bila wazazi, wakawaandikisha, na Msalaba Mwekundu ukabeba ujumbe kutoka kambi hadi kambi na hata kuvuka mpaka kutafuta ndugu zao. Ikiwa mtoto aliyekimbia vita anaulizwa majina ya ndugu zake, huyu wa Tabora aliyefiwa na mama kwenye amani anakosaje kuulizwa?

Ninachoomba ni kidogo. Mtoto anapopokelewa, popote pale, majina ya ndugu zake na mahali walipo yaandikwe kwenye jalada lake, na akihamishwa mmoja, majalada yote yarekebishwe siku hiyohiyo. Walezi wapeane namba za simu mbele ya afisa. Na anapotafutwa mlezi, watafutiwe kwanza mlezi wa wote. Mimi sikuulizwa kama ningeweza watatu. Ningeulizwa, pengine ningeogopa, lakini ningejua wapo.

Sasa tunapiga simu kila Jumapili baada ya ibada. Shija anaishika simu kwa mikono miwili na kuwaeleza pacha habari za mbuzi wa jirani mpaka salio linakata. Desemba walikuja likizo wiki mbili. Mama aliwapikia wali kwa maharage, akawaketisha kwa mpangilio wa kuzaliwa: Kulwa, Doto, Shija. Ombi langu la kuwachukua lipo ofisini. Afisa amekwisha kuja kukagua chumba, akapima kwa macho, akasema kitanda cha futi nne hakitatosha. Nimeshalipa nusu ya bei kwa seremala wa Isevya anitengenezee cha sita kwa sita. Shija ameshasema yeye atalala ukingoni.