Mwenzake Yuko Kondoa

Ofisi niliyoifungia mtandao wa kompyuta ni mojawapo ya zile zilizohamia Dodoma kuifuata Serikali, na mkuu wake wa utawala ni mzee mwenye heshima zake ambaye hasaini karatasi asiyoielewa. Kuhusu ankara yangu alikuwa na swali moja tu: kwa nini swichi kuu mbili zinazofanana, yaani vifaa vya kuunganisha kompyuta zote za ofisi, ilhali jengo ni moja? Nikamjibu kwamba zikifungwa kwa jozi, moja ikifa nyingine hubeba mzigo wote na hakuna atakayegundua. Akasema, "Kijana wangu, hilo nitalisaini nikiliona."

Kuzifunga kebo mbili au zaidi kuwa kifungu kinachohesabika kama kebo moja ni jambo la kawaida katika kazi yetu tangu kiwango cha wahandisi kiitwacho IEEE 802.3ad kilipotoka mwaka 2000. Vifaa vya pande zote mbili hutumiana ujumbe mfupi wa itifaki (kanuni za mawasiliano) ya LACP ili kuhakikishiana kwamba kila kebo bado iko hai. Ugumu ni kwamba itifaki hiyo hutaka kebo zote za kifungu kimoja ziishie kwa mhusika mmoja. Kwa hiyo, ukitaka kebo moja iende swichi ya kwanza na nyingine iende ya pili, ni lazima swichi hizo zijitambulishe kwa utambulisho mmoja, na ziwe na kebo zao za kupashana habari. Zikikosa kuwasiliana, kila moja huweza kuamini kwamba mwenzake amekufa na kujitwalia ukuu, na hapo ndipo vurugu huanza. Kwa sababu hiyo watengenezaji wamezifundisha swichi hizi tahadhari kubwa, na tahadhari hiyo ndiyo iliyotufikisha Kondoa.

Siku ya makabidhiano mzee aliwaalika mhasibu na afisa ugavi, zikaletwa soda, karanga na zabibu, na simu ya video ikapigwa kwenda ofisi yao ya Dar es Salaam. Nikachomoa kebo moja: simu ikaendelea. Nikazima swichi moja nzima: picha ikasita kama mtu anayemeza mate, kisha mazungumzo yakaendelea pale yalipoishia. Mzee alipiga makofi na kusaini hapohapo. Afisa ugavi, mama makini ambaye sijamwona akicheka kazini, hakupiga makofi. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Nilikuja kuambiwa baadaye alichoandika. Hoja yake, ambayo kwa kweli sikuona pa kuipinga kwa lugha ya ugavi, ilikuwa kwamba kifaa kinachoweza kuzimwa pasipo kazi kusimama ni mali isiyotumika, na tawi lao la Kondoa lilikuwa limeomba swichi kwa muda mrefu. Ikajazwa hati ya kuhamisha mali, mtunza stoo akazichomoa kebo, akazikunja vizuri na kuzifunga kwa mpira, na swichi ikapakiwa kwenye Land Cruiser. Na kweli, hakuna aliyegundua. Iliyobaki iliendelea kubeba mzigo wote kama nilivyoahidi, huku ikiandika malalamiko ambayo hakuna aliyekuwa akiyasoma.

Kisha umeme ukakatika usiku, betri za akiba zikaisha, na asubuhi umeme uliporudi nikapigiwa simu.

"Fundi, mtandao wako umekufa."

"Shikamoo mzee. Swichi zote mbili zimezimika?"

"Marahaba. Ipo moja, nayo inawaka."

"Ile nyingine imeungua?"

"Haijaungua hata kidogo, ni nzima kabisa. Iko Kondoa."

Swichi za aina ile, ikiwaka moja peke yake baada ya giza, haina namna ya kujua kama mwenzake amekufa au anaendelea na kazi upande wa pili. Kwa hiyo huzifunga poti zote za vifungu, yaani matundu yanakochomekwa kebo hizo, na kusubiri kusikia sauti ya mwenzake. Upo mpangilio wa kuiruhusu ianze bila mwenzake baada ya dakika kadhaa, nao haukuwashwa, kwa kuwa hakuna mchoro wa mtandao niliowahi kuuona unaomhesabu dereva miongoni mwa hatari. Nilipofika niliikuta imewaka vizuri, feni zikivuma, na kila poti ya kifungu imefungwa. Tukapiga simu Kondoa. Wakasema kifaa chetu kilikuwa kimefika kibovu: kinawaka, kinavuma, lakini hakipitishi kitu, na walikuwa wanajiandaa kukirudisha kwa barua ya malalamiko.

Niliiruhusu ya Dodoma ifanye kazi peke yake kwa muda, mtandao ukarudi kabla ya chai ya saa nne. Kilichochukua siku nzima ni hati ya kuirejesha nyingine, kwa sababu afisa ugavi alitaka sababu iliyoandikwa, na hakukubali neno lolote la kitaalamu ambalo mkaguzi angeliuliza. Mwishowe mtunza stoo ndiye aliyeijaza nafasi ile kwa mwandiko wake mzuri: "Swichi iliyobaki imegoma kufanya kazi bila mwenzake." Mama aliisoma mara mbili, akagonga muhuri, na mhasibu akaidhinisha siku hiyohiyo, pamoja na posho ya dereva ya kulala Kondoa.