São Paulo: karatasi hupatikana mapema, ujira ndio shida

Mkongo aliyekimbia Goma au Bunia akafika São Paulo hupata kitu ambacho miji mingi tajiri humcheleweshea: karatasi. Sheria ya wakimbizi ya Brazili, ya mwaka 1997, inamruhusu anayeomba hifadhi kufanya kazi hata kabla ombi lake halijaamuliwa. Ulaya, sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 iliruhusu nchi kumkalisha mwombaji hadi miezi 9 bila kazi. Na Brazili akiugua, hospitali za umma humtibu bure sawa na mwenyeji. Mwaka 2017 nchi hiyo ilifuta pia sheria ya wageni iliyoachwa na utawala wa kijeshi, ambayo ilimtazama mgeni kama tishio la usalama.

Kwa hiyo wanaoisifu Brazili wana haki ya kuisifu. Kuwa na jina lako kwenye hati halali, usiogope kila sare ya polisi, si jambo dogo kwa mtu aliyetoka vitani.

Ila hati hailipi kodi ya pango. Wenye nyumba wengi hudai mdhamini anayemiliki nyumba, na mtu aliyeshuka juzi uwanja wa ndege wa Guarulhos atamtoa wapi? Wengine huishia kwenye majengo matupu ya katikati ya jiji yaliyokaliwa na wasio na makazi. Mei 1, 2018, moja la ghorofa 24, pale Largo do Paissandu, liliwaka moto usiku likaporomoka. Wahamiaji walikuwa miongoni mwa wakazi wake. Kazi nazo ni vivyo hivyo. Shahada ya Kongo haitambuliwi mpaka chuo kikuu cha Brazili kiithibitishe, na kwa kuisubiri muuguzi au mwalimu husuka nywele, hupakia mizigo au huuza nguo barabarani Brás, mtaa wa biashara jijini humo.

Hapo ndipo ujira unapoingia. Januari 24, 2022, Moïse Kabagambe, kijana wa Kikongo wa miaka 24, alipigwa hadi kufa katika kibanda cha ufukweni Rio de Janeiro. Familia yake ilisema alikwenda kudai malipo ya vibarua. Wapo wanaosema ule ulikuwa uhalifu wa kawaida katika nchi yenye mauaji mengi, na kwamba Wabrazili wenyewe waliandamana kumlilia, Rio na São Paulo. Ni kweli waliandamana. Lakini waliokuwa mbele walikuwa Wabrazili weusi, kwa sababu waliyatambua yale: Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888, ya mwisho katika Amerika, na mtu mweusi bado hufanyiwa mambo ambayo mhamiaji mweupe hafanyiwi. Mkongo anapigwa mara mbili, kwa ugeni na kwa rangi.

Hata hivyo siungi mkono wanaomwambia afungashe aondoke. Sheria ni nzuri. Kinachokosekana ni mkaguzi wa kazi anayefika kwenye kibanda, saluni na ghala kuuliza nani amelipwa. Na msukumo wa kumleta ni mdogo, maana mgeni hapigi kura hadi apate uraia, ambao kwa kawaida huombwa baada ya miaka 4 ya ukaaji na kuonyesha kwamba anajua Kireno. Kwa sasa São Paulo ina baraza la wahamiaji, lililotokana na sheria ya jiji ya mwaka 2016, ambalo wahamiaji huchagua baadhi ya wajumbe wake. Wakongo wa jiji hilo wangelitumia kudai suala la ujira kwanza, kabla ya sherehe za utamaduni.