Plastiki dhidi ya kobalti: hofu ya Lubumbashi ina msingi?

Kila bei ya kobalti, madini ya kutengenezea betri, inapoanguka, huko Kamalondo na Katuba, mitaa ya Lubumbashi, hoja ni ileile: wataalamu wamepata plastiki inayopitisha umeme, itaingia kwenye betri badala ya kobalti, na Kolwezi, mji wa migodi, itabaki mashimo.

Plastiki hizo zipo kweli. Mwaka 1977 wanasayansi Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba plastiki iitwayo poliasetileni ikitiwa iodini hupitisha umeme. Mwaka 2000 wakapata Nobeli ya kemia. Plastiki hii ni nyepesi, hukunjika, na haichimbwi na mtu shimoni. Unga mweusi ulio kwenye betri nyingi za simu, ukipima gramu 100, karibu gramu 60 ni kobalti. Polianilini, plastiki nyingine ya aina hii, haina hata chembe. Wajapani waliuza betri za kitufe za lithiamu na polianilini mwaka 1987, ila hazikudumu sokoni.

Tatizo liko ndani ya plastiki yenyewe. Polipiroli, nyingine ya jamii hiyo, hubeba chaji moja kwa kila pete tatu au nne za mnyororo wake. Zilizobaki ni mzigo tu. Tena, ikichajiwa hufyonza ayoni hasi (chembe zenye chaji hasi) za chumvi iliyo kwenye kimiminika cha betri. Lazima basi kimiminika kiwe kingi ili chumvi itoshe, na ule wepesi uliosifiwa unaliwa palepale. Kwenye betri ya kobalti, lithiamu hutoka upande huu ikaingia ule. Kimiminika ni njia ya kupita tu. Ongeza kwamba betri hizo za plastiki zikikaa tu, chaji huvuja.

Tena plastiki na kobalti zilianza pamoja. Betri ya majaribio ya Yoshino, mwanakemia wa Japani, mwaka 1983, ilikuwa na kobalti upande mmoja na poliasetileni upande wa pili. Baadaye plastiki ikatolewa, kaboni ikachukua nafasi yake, na Sony ikaingiza betri ya namna hiyo sokoni mwaka 1991. Leo plastiki hizi zinafaa zaidi kama gundi au utando wa kusaidia chembe za elektrodi (ncha mbili za betri), kazi ndogo lakini ya maana.

Mimi ningeogopa chuma na fosfati. Betri za namna hiyo hazina kobalti, ni za bei nafuu, na tayari zimejaa kwenye magari ya China. Kinshasa iliposimamisha kuuza kobalti nje Februari 2025, kisha ikaweka ukomo wa kiasi cha kuuza Oktoba, bei ilipanda, na sielewi kwa nini tulishangilia bila kuuliza: kiwanda kinacholipa zaidi kitabaki na sisi kwa muda gani?