Gari Inaunguruma Mguuni, Mtaa Mzima Umekuwa Mafundi

Hivi jamani hapa Dar kuna mtu ambaye sio fundi magari? Nauliza tu, maana Toyota IST yangu ilivyoanza kuunguruma mguu wa mbele, yaani kwenye tairi, sikumuuliza mtu yeyote, lakini kila niliyempa lifti kutoka Mbezi mpaka Ubungo kashuka kaniachia jibu lake, na wote wana uhakika. Huyu shokapu. Yule boli jointi. Jirani yangu, ambaye hana gari wala baiskeli, akanambia "stebilaiza linki hiyo, kama sio linki njoo unikate kichwa."

Sasa linki inaungurumaje? Linki inagonga, tena ukipita kwenye matuta na mashimo, koto koto koto. Sivii jointi, ile ya kwenye ekseli, nayo inalia ka-ka-ka ukikata kona usukani umeisha. Hii yangu kwenye mashimo iko kimyaa, inasubiri nifike spidi sitini ndio inaanza vuuuu, themanini inakuwa VUUUU mpaka unaongeza redio, na ukiweka nyutro ukaiacha iteleze yenyewe sauti bado ipo, inashuka na spidi tu, kwa hiyo injini usiisingizie. Halafu kwenye kona ya kushoto inazidi, ya kulia inapoa. Ukikata kushoto uzito unalalia kulia, si ndio? Basi mwenye kelele ni mguu wa kulia, hata darasa la nne anaelewa.

Nikayaeleza yote haya kwa fundi, taratibu, kama mgonjwa kwa daktari. Fundi anachezea simu. Nimemaliza, anasema "bosi, tubadilishe breki padi kwanza tuone."

Tuone! Yaani hela yangu ndio kipimo. Padi ikiisha inapiga kiiii, kile kichuma chake kinakwaruza diski, we nakwambia gari inaunguruma unaniletea habari za kiiii. Lakini wakati naongea kijana wake kashafungua tairi, nipo juani, mama watoto anapiga simu niko wapi, zikafungwa padi mpya. Natoka pale, sitini, vuuuu.

Namrudia, anasema twende tukaisikilize. Tunaisikiliza wapi? Foleni ya Tabata! Tupo nyuma ya daladala, gia ya kwanza, breki, gia ya kwanza, breki, na yeye kainamisha sikio dirishani anasema "mbona mimi sisikii kitu bosi." Utasikia nini mwendo wa kusindikiza maiti huu?

Nikahama gereji. Huko nikakuta mzee mmoja ana ovaroli limeganda grisi, hakuniuliza swali hata moja. Kapiga jeki, kashika tairi juu na chini kalitikisa, kimya. Kisha kaweka mkono wa kushoto kwenye springi, wa kulia unazungusha tairi pole pole, macho kafumba. "Shika hapa." Nikashika. Wallahi ile springi ilikuwa inatetemeka vidoleni, kwaru kwaru kwaru, utadhani kuna mchanga unasagwa mle ndani. Akahamia mguu wa kushoto, shika na hapa, laini haina habari. "Beringi," akasema, ile ya gololi inayobeba tairi lizunguke, akaenda kunawa.

Dukani Gerezani naulizwa nataka OG, yaani orijino, kopi au ya mtumba kutoka Japani. Beringi ya mtumba! Yaani ninunue mngurumo ambao kuna mtu keshauchoka huko Osaka. Nikachukua OG, roho inauma, narudi gereji kijana kashainua nyundo. We! Beringi mpya inapigwa nyundo? Ile inaingizwa kwa presi, mashine ya kukandamiza, tena unasukuma duara la nje, ukigongea la ndani gololi zinachimba njia yake na baada ya muda mfupi inaunguruma upya. Ananijibu presi ipo kwa jamaa wa nyuma ila atataka hela ya soda. Mpe soda! Mpe na maandazi!

Sasa gari themanini nasikia upepo tu. Jana jirani kapanda, tumefika Kimara bado kimya, akatikisa kichwa taratibu, "si nilikwambia beringi hiyo." Sijajibu, akaongeza, "basi kesho asubuhi unipitishe Kibaha mara moja, si unapita?"

Mimi nafanya kazi Posta, mjini kati, Kibaha ni kinyume kabisa.