Field ya stepla, halafu tunauliza uzoefu

Kuna tangazo linazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: "Mhasibu msaidizi, nafasi kwa anayeanza." Ukishuka mistari miwili unakutana na uzoefu usiopungua miaka 3, na CPA(T), cheti cha juu cha uhasibu, itakuwa sifa ya ziada. Anayeanza huyo alianza lini?

Utetezi wa waajiri naujua, maana haujawahi kubadilika: vijana wana vyeti, kazi hawaiwezi. Haya. Lakini vijana haohao walikaa ofisini kwenu wiki 8, wamekuja field, yaani mafunzo kwa vitendo ya chuo, na mliwakabidhi stepla. Wakapanga mafaili, wakatoa fotokopi, wakatumwa chapati. Wiki ya mwisho msimamizi akasaini logibuku ambayo mwanafunzi kaijaza mwenyewe, "ameshiriki shughuli zote za idara ya fedha", mhuri juu, kwaheri. Leo mnauliza uzoefu uko wapi. Si mliufungia kabatini nyinyi wenyewe?

Nakubali, shingo upande, kwamba hofu ya ofisi si ya bure. PAYE (kodi ya mishahara) ikipita tarehe 7, ritani ya VAT (taarifa ya kodi ya mwezi) ikipita tarehe 20, adhabu hailipwi na mwanafunzi. Na hakuna mwenye akili timamu atakayemwachia mgeni nywila ya kuingilia mfumo wa TRA. Ila nani kasema apewe nywila? Mpeni mwezi uliokwisha fungwa.

Yaani chukua mwezi ambao ritani yake imeshapelekwa, toa nakala za risiti za manunuzi, Z ripoti (jumla ya mauzo ya siku kwenye mashine ya EFD), taarifa ya benki na taarifa ya lipa namba, umwambie aujenge upya mwezi mzima kutoka sifuri bila kuona majibu. Akimaliza, mlinganishe na mlichowasilisha. Akiharibu, imeharibika karatasi.

Na ataharibu, tena kwa makosa yaleyale ya wote. Atachukua mauzo ya 118,000 ambayo VAT imo ndani, ayapigie asilimia 18, apate 21,240. Kodi iliyomo ni 118,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 18,000. Atadai VAT iliyolipwa kwenye manunuzi kwa risiti isiyo na TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, kwa sababu dereva alinunua matairi na hakuitaja dukani. Kwenye lipa namba ndiyo kabisa: ataandika kiasi kilichobaki baada ya makato na kukiita mauzo, kisha ahangaike siku nzima kwa nini jumla yake haikubaliani na Z ripoti. Mauzo ni kile alicholipa mteja. Makato ni gharama na yana mstari wake. (Wapo wahasibu wa miaka kumi wanaoteleza hapohapo, ila hao tangazo haliwagusi.)

Halafu mshahara. Mpe wa 600,000 umwangalie. Wengi watakimbilia jedwali la PAYE na 600,000 yote, wapate kodi ya 36,000. Kwanza itoke NSSF ya mfanyakazi, asilimia 10, ambayo ni 60,000. Inayotozwa kodi ni 540,000: kodi ya 520,000 za mwanzo ni 20,000, jumlisha asilimia 20 ya kilichozidi hapo, ambayo ni 4,000. Jumla 24,000, na mtu anaondoka na 516,000. Kosa hilo lingemkata mfanyakazi 12,000 zaidi kila mwezi, na angekuja mlangoni na salari slipu mkononi. Somo kama hilo linamalizika asubuhi moja tu, na msimamizi anatumia dakika ishirini kusahihisha.

Konekisheni ipo, sina la kuongeza. Anayekudai hela ya "fomu ya usaili" ni tapeli, mkatie simu. Na hii ya kumweka mhitimu "anajitolea" mwaka wa pili huku anafunga hesabu za kampuni nzima, bila hata nauli ya daladala, tuache kuiita fursa. Ni kumtumikisha mtu.

Wanafunzi nanyi msijifanye wanyonge tu. Wengine field mnaichagua kwa jina la jengo, mpige picha na kitambulisho shingoni. Taasisi kubwa itakuweka kwenye dawati moja la kupokea vocha mpaka uondoke. Ofisi ndogo ya mhasibu inayoshika vitabu vya wafanyabiashara kumi wa Kariakoo itakupa risiti zilizokunjwa kwenye mfuko wa rambo, na ndani ya wiki 2 utajua usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu vya biashara na taarifa ya benki, ni kitu gani. Ukitoka, tengeneza faili la mfano kwa majina na tarakimu za kubuni, kwani siri za ofisi si zako. Kwenye CV futa "mchapakazi, naweza kufanya kazi na timu". Andika: nimeandaa usuluhisho wa benki wa miezi 2, rasimu ya ritani ya VAT, na orodha ya mishahara ya watu 14, kama kweli uliandaa. Msaili atakuuliza papo hapo tofauti ya salio ilitoka wapi, na jibu utakuwa nalo.

Mwezi uliofungwa uombe wiki ya kwanza, kwa mdomo, kwa anayeshika mafaili na si kwa bosi. Ukisubiri wiki ya 6, msimamizi atadhani unatafuta saini ya logibuku.